Draivu Mbili, Wimbo Mmoja

Hotuba kwa mafundi sauti, ma-DJ na watunza kumbukumbu za muziki, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za jioni. Na nyie vijana mliojibana kule nyuma karibu na feni, nimewaona, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo nimeulizwa mezani kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila anayeliuliza hudhani yeye ndiye wa kwanza. Mteja anakuja na CD yake ya muziki nimnakilie iwe faili, anaziangalia kompyuta zangu na draivu zake, yaani zile mashine za kusomea CD, anauliza: "Fundi, hii utaipitisha kwenye draivu ipi? Maana nasikia zipo zinazotoa besi nzuri kuliko nyingine." Mwingine ana shemeji yake aliyeagiza draivu ya bei mbaya kutoka Dubai, na shemeji huyo anaapa kwamba sauti sasa inatoka safi mpaka unasikia mwimbaji akivuta pumzi. Halafu yupo wa tatu, huyu kasoma kidogo, anawacheka wote wawili: namba ni namba, draivu zote ni sawa, msitudanganye.

Nimewahi kukaa upande wa kila mmoja wao, kwa nyakati tofauti, na kwa sauti kubwa. Nikikumbuka baadhi ya maneno yangu ya mwaka 2003 naona haya.

Basi tuanze na kitu cha kuona kwa macho. Hapa mezani nina draivu mbili. Hii nyeusi ni ya kompyuta ya mezani, niliichomoa kwenye mashine iliyokufa. Hii nyembamba ni ya nje, inatumia waya wa USB. Na nina CD moja ya dukani, iliyotoka kiwandani, haina hata mkwaruzo mmoja. Jana usiku nilinakili wimbo mmoja wa dakika nne kamili, mara moja kwa kila draivu. Nimepata faili mbili za WAV, yaani faili za sauti isiyobanwa, na kila moja ina baiti 42,336,044.

Namba hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. CD ya muziki hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa kila sikio. Kila kipimo, ambacho tunakiita sampuli, kinaandikwa kwa biti 16, yaani baiti mbili. Zidisha 44,100 kwa masikio mawili, kisha kwa baiti mbili, unapata 176,400 kwa sekunde moja. Zidisha kwa sekunde 240. Ongeza baiti 44 za kichwa cha faili, yaani maelezo yanayokaa mwanzoni mwake. Ndivyo Philips na Sony walivyokubaliana mwaka 1980, na tangu mashine ya kwanza ya kupiga CD ilipoingia madukani Japani, Oktoba 1982, mapatano hayo yamebaki hivyo hivyo.

Sasa nafungua programu inayopitia faili nzima na kuitolea alama fupi, kama alama ya kidole gumba. Faili zikiwa sawa baiti kwa baiti, alama zitakuwa sawa. Ikipishana baiti moja tu, alama zinakuwa tofauti kabisa. Angalieni skrini. Hii ya draivu nyeusi. Hii ya nyembamba.

Hazifanani.

Nimewasikia huko nyuma! "Si tulisema?" Subirini kwanza.

Nazipanga faili zote mbili hapa, moja juu ya nyingine, navuta karibu, karibu zaidi, mpaka mawimbi yanaonekana kama nukta. Huu ni mlio wa ngoma, ile ya kwanza kabisa. Ya juu inaanza hapa. Ya chini inaanza hapa. Zimepishana. Nahesabu nukta: 661. Draivu nyeusi hukosea mahali pa kuanzia kwa sampuli 667. Nyembamba hukosea kwa sampuli 6, kwa upande uleule. Toa, unabaki na 661, ambazo ni kama milisekunde 15. Ni muda ambao sauti inautumia kutoka kwenye spika hii hadi kumfikia mtu aliyekaa mita tano. Kila modeli ya draivu ina kosa lake la kuanzia, halibadiliki, na wanaofuatilia mambo haya wana orodha ndefu: hii 6, ile 30, hii 667. Haihusiani na bei. Mtengenezaji kapanga hivyo, basi.

Naisogeza faili moja kwa sampuli 661. Naigeuza juu chini, pale palipokuwa na kilima pawe shimo. Kisha nazijumlisha. Kama zina tofauti yoyote, besi, pumzi ya mwimbaji, "usafi", tofauti hiyo ndiyo itakayobaki tuisikie. Nabonyeza. Naongeza sauti. Naongeza hadi mwisho.

Mzee wangu hapo mbele anaziangalia spika. Hazijafa, mzee, taa ya kijani inawaka. Huo ndio wimbo mliokuja kuusikiliza: kimya kitupu, dakika nne. Kila sampuli ya draivu nyeusi imekutana na pacha wake na wakafutana.

Kwa hiyo yule wa besi nzuri, tumeshamjibu. CD nzima, draivu nzima, ukinakili kwenda kwenye faili, unapata namba zilezile. Draivu haina ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi. Haijui kama inasoma taarabu au kwaya au hesabu za mshahara. Inaona vishimo na uwanda kwenye mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati ya CD kwenda nje, mizunguko yake ikiwa imeachana kwa maikromita 1.6, na kazi yake ni kusema hapa pamebadilika, hapa hapajabadilika. Ili besi ipungue, draivu ingelazimika kuzikokotoa upya sampuli zote kwa mpangilio maalumu. Kosa la bahati mbaya halipunguzi besi hata siku moja. Kosa la bahati mbaya linatoa mlio wa "ta!", au linakata.

Hapo ndipo ningeweza kukaa chini nikanywa chai, na yule wa tatu, wa namba ni namba, angetoka hapa akitamba. Lakini mmeona CD niliyotumia. Nzima, ya kiwandani. Ni nani kati yenu huletewa CD ya namna hiyo? Mimi naletewa CD zilizokaa juu ya dashibodi ya Hiace miaka sita.

Kwa hiyo tuongee kuhusu CD mbovu, maana humo ndimo ugomvi wote ulimo.

Fikirieni daftari la mkopo la duka la mtaani. Mwenye duka anaandika: Mama Asha, sukari kiasi fulani, mafuta kiasi fulani, sabuni, na chini anaweka jumla. Mafuta ya taa yakimwagikia tarakimu moja, hana wasiwasi: anachukua jumla, anatoa zile zinazosomeka, anapata iliyofutika. Haikisii. Anaipata kamili. CD inafanya vivyo hivyo kwa hesabu kali zaidi, iliyotungwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960: kwa kila baiti 24 za muziki, zinaongezwa baiti 8 za kuhakiki. Sasa mwenye duka huyu ni mjanja mara mbili. Haandiki deni lote la Mama Asha ukurasa mmoja. Mstari mmoja anauweka ukurasa wa kwanza, mwingine wa tano, mwingine wa tisa, na wateja wengine vivyo hivyo, wamechanganywa. Doa la mafuta likiharibu ukurasa mzima wa tano, kila mteja amepoteza mstari mmoja tu, na jumla zipo. Ndiyo sababu CD inaweza kuwa na tundu la karibu milimita mbili na nusu kwenye njia ya leza na bado ikatoa muziki kamili, baiti kwa baiti, wewe usijue kitu.

Kwa hiyo mikwaruzo mingi unayoiona kwa macho haina madhara yoyote. Na hili wateja hawaniamini. Wanaleta CD imechorwachorwa chini kama ukuta wa shule, inanakilika vizuri kabisa. Kesho yake analeta nyingine inang'aa, imekufa.

Ile inayong'aa mara nyingi imeuawa kwa juu. Plastiki ya CD ina unene wa milimita 1.2, na leza inaipita yote ndipo ifike kwenye data. Maana yake data iko upande wa juu kabisa, chini ya lebo, inalindwa na vanishi nyembamba tu. Mtu anachukua kalamu ya wino yenye ncha ya chuma, ile ya bei rahisi, anaandika jina la bwana harusi kwa nguvu. Kila herufi ni mtaro kwenye data. Na kama ni CD ya kuchomwa, muziki wake umeandikwa kwenye rangi maalumu inayochukia jua na joto, na hapa kwetu jua na joto hatununui.

Sasa basi. Doa likizidi uwezo wa hesabu, draivu imeshindwa. Na hapa, ndugu zangu, ndipo draivu zinapotofautiana kama watu.

Kuna draivu ya kusema kweli. Inakuletea baiti, na pembeni inaweka alama: hii, hii na hii sina uhakika nazo. Sisi tunaziita alama za C2. Programu ikiziona, inarudi kusoma tena, mara kumi, mara hamsini, na mwisho inakuandikia: kuanzia sekunde fulani hadi fulani nimeshindwa.

Kuna draivu ya kubuni. Inachukua kipimo cha kabla ya shimo na cha baada ya shimo, inaweka cha katikati, inakukabidhi kana kwamba imekisoma. Mashine za CD za sebuleni na redio za magari zimefanya hivyo tangu mwanzo, na kwao ni kazi nzuri: uko barabarani Morogoro, hutaki kusikia "ta! ta! ta!", unataka wimbo uendelee. Ndiyo maana mteja anakuja na hasira: "Kwenye gari inapiga vizuri, kwako inakwaruza, draivu yako mbovu!" Redio ya gari inamfichia.

Na kuna draivu inayokupa takataka na kusema kila kitu kiko salama. Hiyo niliwahi kuwa nayo.

Niliwahi kuletewa CD ya kwaya, ya kuchomwa, kurekodi kwao pekee. Wengine kati ya waimbaji walishafariki. Niliitia kwenye draivu niliyokuwa nayo wakati huo, draivu ya kasi, niliipenda, ilikuwa inamaliza CD nzima nikiwa bado natafuta kikombe. Ikamaliza. Hakuna onyo hata moja. Nikawapa faili, nikawarudishia CD yao, wakashukuru, wakaniletea na maembe. Mwaka ukapita. Siku moja nacheza ile faili kwenye spika kubwa nikasikia, katika ubeti wa tatu, nyuma ya soprano, kitu kama mtu anatafuna bisi. Taratibu, sekunde kama kumi. Nikadhani spika. Nikavaa hedifoni. Bisi zipo. Nikatazama wimbi: sampuli zimenyooka pale ambapo zilipaswa kupinda, mistari iliyochorwa kwa rula kutoka nukta hadi nukta. Draivu ilibuni, na haikusema.

Nikaiomba ile CD tena. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na funguo. Draivu nyingine, ya polepole, ya mtumba, iliyonunuliwa kwa bei ya soda tatu, ilisoma ubeti uleule ikaweka alama mia kadhaa za C2, ikarudia na kurudia karibu saa moja, ikapata sehemu kubwa. Sekunde nne zikagoma. Lakini safari hii nilijua ni zipi.

Kwa hiyo mkiniuliza kama draivu zinatofautiana, nasema ndiyo, sana. Mnapokosea ni pale mnapotafuta tofauti hiyo kwenye utamu wa sauti. Itafuteni kwenye uwezo wa kusoma CD mbovu, na kwenye tabia ya draivu ikishindwa.

Mtaniuliza: kwa nini muziki uwe hivi, wakati faili la hesabu za ofisi kwenye CD likiharibika kompyuta inagoma mara moja na kusema haisomeki? Kwa sababu muziki ulikuja kwanza. Kipande kimoja cha CD, sekta moja, kina baiti 2,352, na sekta 75 zinafanya sekunde moja. Kwenye CD ya muziki baiti hizo zote ni muziki. Walipotaka kuhifadhi data za kompyuta, walisema hapana, benki haiwezi kubuni tarakimu ya katikati. Wakachukua baiti 304 kati ya hizo, wakazifanya ulinzi wa ziada na anwani, zikabaki 2,048 za data. Muziki haukupata ulinzi huo. Wala anwani kamili. Draivu ikitafuta sekta ya data inaona namba ya nyumba mlangoni. Ikitafuta sekta ya muziki inaelekezwa kama tunavyoelekezana sisi, ukifika kwenye mwembe uliza. Ndiyo asili ya zile sampuli 6 na 667.

Draivu za katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na balaa zaidi. Kompyuta ikiziambia subiri kidogo, zikirudi zinaanza mahali tofauti kidogo, sampuli kadhaa nyuma au mbele, na kila kiungo kinatoa mlio. Ndipo wakatokea watu kama Christopher Montgomery aliyeandika cdparanoia, na Andre Wiethoff wa Exact Audio Copy. Programu zao zilisoma kila kipande kwa kupitiliza, kisha kutafuta pale vipande viwili vinapolingana na kuvishona. Fundi cherehani. Draivu za leo hazihitaji sana ushonaji huo, lakini programu hizo bado ni bora kuliko ile iliyokuja na kompyuta yako, kwa sababu moja: hazimwamini mtu.

Na msidanganyike na kusoma mara mbili. Draivu nyingi zina kumbukumbu ndogo ndani. Ukiiambia isome tena kipande kilekile papo hapo, inakupa ile nakala iliyokwisha kuiweka pembeni, bila hata kugusa CD. Ni sawa na kumhoji shahidi yuleyule mara mbili kisha ukashangilia kwamba ushahidi unalingana. Programu nzuri inajua kuipotosha ile kumbukumbu kwanza.

Kuna kanzidata, AccurateRip, inayolinganisha nakala yako na za watu wengine duniani walionakili CD ileile. Ukipata kwamba watu mia mbili wenye draivu tofauti wana namba sawa na zako, lala usingizi. Lakini kwaya yangu haimo. Bendi iliyochoma CD hamsini kwa ajili ya uzinduzi ukumbini haimo. Muziki wetu mwingi haumo. Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni draivu mbili, za watengenezaji wawili tofauti, kwa kila CD isiyokuwa na ndugu duniani. Zikilingana baada ya kusawazisha mwanzo, naamini. Zisipolingana, najua mahali pa kwenda kusikiliza.

Mzee mmoja ameniletea kikaratasi hapa. Anasema: "Mimi nilisikia tofauti kati ya draivu kwa masikio yangu mwaka 1998, na sikuwa nimelewa."

Mzee, nakuamini kabisa. Mwaka 1998 hukuwa unasikiliza namba. Wenzangu wa rika langu watakumbuka: draivu za wakati ule zilikuwa na tundu la hedifoni mbele na kigurudumu cha sauti. Na nyuma kulikuwa na waya mwembamba wa pini nne kwenda kwenye kadi ya sauti. Waya ule ulibeba sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa umeme ndani ya draivu yenyewe, na kigeuzi cha bei rahisi, kimekaa sentimita chache kutoka kwenye mota inayozunguka, kisha waya unapita kando ya pawasapulai na feni. Draivu moja ilivuma, nyingine ilikuwa na sauti nyembamba, nyingine ilitoa "zzz" kila diski kuu ilipofanya kazi. Hapo zilitofautiana kweli, na sikio lako lilikuwa sahihi. Kwenye Windows XP kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki ili CD ipigwe kidijitali badala ya kupitia waya ule, wengi hawakukijua.

Nyingine zilikuwa na pini mbili pembeni, za dijitali. Hapo namba ziko sahihi lakini zinatoka kwa mwendo wa saa ya draivu, ile inayopanga kila sampuli itoke lini, na saa ikiyumba, kadi inayopokea inaweza kuyumba nayo. Tofauti hiyo chombo cha vipimo kinaiona. Kwa sikio, mimi sijawahi kuisikia, na nimejaribu, nimefunga hadi madirisha. Ukinakili kwenda kwenye faili habari ya saa inakwisha: faili haina saa, imelala tu kwenye diski, na atakayeipiga ndiye mwenye saa.

Waya wa USB vilevile mniachie. Waya wa dhahabu hauongezi kitu, maana data ikiharibika njiani inatambulika na kutumwa upya. Kinachoiua draivu nyembamba ni umeme mdogo: tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na draivu ikianza kuzungusha CD inaweza kutaka zaidi. Ukiisikia inalia "tik, tik" inazima na kuwaka, ichomeke nyuma ya kompyuta, au tumia ule waya wenye vichwa viwili.

Yule mteja wa besi, mnataka kujua iliishaje? Nilikwenda nyumbani kwake. Kompyuta mbili, draivu mbili, na kweli moja ilikuwa na besi kubwa. Nikafungua programu yake ya kupigia muziki. Ikwalaiza imewashwa, mtoto wake kaipandisha. Nyingine ilikuwa na kadi ya sauti ya zamani, aina ambayo kila kitu inakibadilisha kwenda sampuli 48,000 kwa sekunde kabla ya kukitoa, na ubadilishaji wake ulikuwa wa haraka haraka. Draivu zote mbili hazikuwa na hatia. Na ziko CD chache za miaka ya 1980 zilizorekodiwa kwa kuinua sauti kali makusudi, zikiwa na alama ya kuiambia mashine izishushe wakati wa kupiga. Ukinakili na programu isiyoijali alama hiyo, wimbo unatoka mkali, unaumiza meno, na mtu anailaumu draivu.

Swali la mwisho, kijana wa shati la bluu. "Ninunue ipi?" Mtumba unatosha. Nenda nayo CD yako moja mbovu unayoijua vizuri, ile ambayo unajua wimbo wa saba unakwama. Mwombe muuzaji aichomeke. Ikiusoma wimbo wa saba, nzuri. Ikikataa na kusema imekataa, nayo nzuri. Ikikupa wimbo wa saba bila onyo na kuna bisi ndani, mrudishie. Lenzi unaweza kuipangusa kwa pamba na spiriti kidogo, bila kukandamiza. Na usiikimbize kwa kasi yake yote; draivu ya 52x, yaani ya kasi hadi mara 52 ya upigaji wa kawaida, inazungusha CD karibu mara elfu kumi kwa dakika, na CD yenye ufa ikipasuka humo ndani utadhani bastola.

Feni imezima, umeme umekatika, na kipaza sauti nacho kimekwenda. Nitasema jambo moja kwa sauti yangu mwenyewe. Ile kwaya ilichoma nakala za CD yao wakagawana, na mimi nimeona moja tu. Ukutani pale mlangoni nimebandika picha ya jalada. Kama nyumbani kwako, au kwa shangazi yako, kuna nakala nyingine, hata kama imekwaruzwa, hata kama ndege wameitaga mayai juu, niletee. Nahitaji ubeti wa tatu. Sekunde nne.